Mwalimu Ludovick Kaijage, Aliyetuambia Kweli Kuhusu Wanyama

Baba Padri, wafiwa, ndugu wa Campbelltown na Granville na ninyi mliobadilisha treni mara mbili kufika hapa, historia hii ya Mwalimu Ludovick Kaijage inasomwa na mpwa wake, Godfrey, ambaye familia imempa kazi hii si kwa elimu, maana shule aliiaga akiwa kidato cha pili na wala yenyewe haijamtafuta, bali kwa sababu ya sauti, kwani hakuna harusi wala kipaimara cha Mtanzania kilichochangamka katika mji huu bila yeye kushika kipaza sauti, na anayebisha asimame sasa hivi abishe. Familia iliomba ukurasa mmoja, Godfrey ameandika minne, na kila mstari uliozidi una sababu yake, mtaiona.

Marehemu alizaliwa Alhamisi, tarehe 14 Machi 1974, kijijini Kanyigo, mkoani Kagera, akiwa mtoto wa tatu kati ya sita wa Mzee Kaijage na mama ambaye wajukuu wake wote walimwita Bibi tu, kana kwamba duniani hakuna bibi mwingine. Wanaomkumbuka akiwa mdogo wanasema msimu wa senene ulipofika, watoto wenzake walikamata, wakanyonyoa mbawa, wakakaangiwa, wakala, lakini yeye aliketi chini akawapanga wake kwa rangi juu ya jani la mgomba, wa kijani huku, wa kahawia kule, na mmoja wa zambarau, ambaye hupatikana kwa nadra, akampa jani lake peke yake kama askofu, mpaka kuku wakaja wakala utafiti wote, na mtafiti akalala njaa.

Alisoma shule ya msingi hapohapo Kanyigo kuanzia mwaka 1982 hadi 1988, akaendelea na sekondari mjini Bukoba hadi kumaliza kidato cha sita mwaka 1995, kisha akajiunga na chuo cha ualimu, akahitimu stashahada ya Biolojia na Kemia mwezi Novemba 1997, na kuanzia Januari 1998 hadi Juni 2013 alifundisha Biolojia katika shule moja ya sekondari wilayani Muleba. Miongoni mwa wanafunzi aliopata bahati ya kuwafundisha alikuwemo mpwa wake, msomaji huyu, ambaye alimpa alama kumi na moja kwa mia bila haya wala undugu, na chini yake akaandika kwa kalamu nyekundu, "Kichwa kipo, mwenyewe hayupo."

Jumamosi, tarehe 27 Desemba 2003, alifunga ndoa na Brigitha, muuguzi, katika parokia ya nyumbani kwao bibi harusi, na Mungu akawajalia mtoto mmoja, Kokushubila, aliyezaliwa tarehe 6 Mei 2009, ambaye yupo hapa mbele amevaa koti la baba yake lililomzidi mikono, na ambaye tangu akue amekuwa akisikia Kiswahili chote na kujibu kwa Kiingereza chote, kama watoto wenu, kwa hiyo asitazamwe yeye peke yake.

Tarehe 9 Julai 2013, siku ya Jumanne, familia ilitua Sydney kwa viza ya kazi ya Brigitha, na Mwalimu, mtu wa sayansi huyo, alishuka kwenye ndege katikati ya kipupwe cha huku akiwa na shati la mikono mifupi. Vyeti vyake vilipimwa, akaambiwa kama anataka kufundisha arudi darasani miaka minne, akajibu "sawa" kwa upole ule wake, na wiki hiyohiyo akaanza kukunja mashuka ya hoteli katika kiwanda cha kufulia Granville, hadi Februari 2016 walipohamia Campbelltown, akawa mhudumu katika nyumba ya kutunzia wazee, akiwaogesha na kuwalisha watu waliomwita Ludo. Aliwasimulia kwamba kwao watu hula senene wa kukaanga na ni watamu kuliko kuku, wazee wakacheka mpaka meno ya bandia yakahama mahali pake, bibi mmoja akamshika mkono akamwambia, "Ludo, wewe ni muongo mzuri sana," na kuanzia hapo Mwalimu akawa na kazi ya pili isiyo na mshahara, yaani kusema kweli na kutoaminiwa.

Jumapili moja ya Machi 2018 alikuwa katika gari la jirani yake, Bisimwa, Mkongo wa Bukavu anayefanya kazi ghalani, wametoka misani, wakamwona mama wa Kizungu amechuchumaa kando ya barabara, mkono wake umezama hadi kiwiko ndani ya kangaruu aliyegongwa na gari. Bisimwa alikanyaga mafuta, kwa maana alikuwa na hakika kwamba huo ni uchawi na kwamba uchawi wa Wazungu hauna dawa, akasema, "Mwalimu, geuza macho, hii haituhusu," lakini Mwalimu alimsimamisha, akashuka na viatu vyake vya Jumapili, akauliza. Yule mama akamfundisha kwamba kangaruu jike akigongwa akafa, mtoto aliye mfukoni anaweza kuwa hai kwa siku kadhaa, peke yake, gizani, juu ya mama aliyepoa, ndiyo maana lazima mtu aingize mkono aangalie, na akishaangalia ampulizie mzoga msalaba kwa kopo la rangi ili anayefuata ajue kwamba huyu amekwisha kukaguliwa. Ndani alikuwemo mtoto. Walimbeba katika kofia ya misa ya Bisimwa, naye Bisimwa njia nzima alikuwa akirudia kwa Kiswahili cha kwao, "Hii nyama iko na mtoto ndani na sisi tulikuwa tunapita tu? Pardon, Mungu wangu, pardon."

Mwalimu akaenda mafunzoni, akapewa kadi ya mwokoaji wa wanyamapori, cheti pekee ambacho nchi hii ilimpa katika miaka kumi na miwili, akaitundika ukutani juu ya stashahada yake, na tangu hapo kila asubuhi kabla ya zamu alitoka kwa miguu kukagua kando ya barabara, kopo la rangi ya chungwa likiwa katika mfuko wa koti. Brigitha alikuwa akimwambia mlangoni, "Baba Koku, sisi wengine tulikuja huku kutafuta maisha, wewe umekuja kutafuta maiti," naye alikuwa akijibu, "Mama Koku, ni yaleyale," akaondoka.

Akitembea, alituma ujumbe wa sauti katika kundi la WhatsApp la Ndugu wa Sydney, kundi ambalo nusu yenu mliomo humu mmelizima mlio, msijifanye kuinamisha vichwa kwa huzuni. Humo ndimo alimotuambia kwamba koala ana alama za vidole zinazofanana na za binadamu, kiasi cha kumchanganya mpelelezi, kwamba kangaruu mwekundu anaweza kuwa na mtoto mmoja nje, wa pili mfukoni na wa tatu tumboni aliyesimamishwa asikue mpaka nafasi ipatikane, na kwamba wale wawili wa kwanza huwanyonyesha maziwa mawili tofauti kwa wakati mmoja, kila chuchu na maziwa yake. Alituambia kwamba mfuko wa wombati hutazama nyuma ili anapochimba shimo mtoto asimwagiwe udongo, na kwamba mnyama huyohuyo hutoa kinyesi cha mchemraba, chenye pande na kona, vipande hadi mia kwa usiku mmoja, na hapo Godfrey, ambaye kwa kubandika majina hana mpinzani kutoka Parramatta mpaka baharini, akamwandikia mbele ya watu wote, "Shikamoo Profesa Mchemraba," na jina likashika, watoto wakaliimba, watu wazima wakampigia simu ya Krismasi wakaanza na hilo. Mwenyewe alicheka. Angalau ndivyo Godfrey alivyojiambia.

Lakini mnyama wa moyo wake alikuwa platipasi, mwenye mdomo kama wa bata, manyoya kama ya fisimaji na mkia mpana kama mwiko wa ugali, anayetaga mayai na bado ananyonyesha, tena hana chuchu, maziwa humtoka kwenye ngozi kama jasho na watoto wakayaramba, hana tumbo la kusagia chakula, dume lake lina mwiba wenye sumu mguuni, na akizama majini hufumba macho, masikio na pua, akamtafuta mdudu kwa kuhisi umeme mdogo wa mwili wa mdudu huyo. Haya yote Mwalimu alimsimulia mama yake kwa simu Jumapili moja ya Agosti 2019, kwa furaha ya mtu aliyeleta zawadi, Bibi akamuuliza, "Ludovick mwanangu, huko wanakupa kazi au wanakupa dawa?"

Alituma picha. Na mpwa wake, ambaye Mwalimu mwenyewe ndiye aliyemleta Sydney mwezi Februari mwaka huo, akamlaza sebuleni kwake miezi saba na kumtafutia fundi wa kumfundisha kubandika vigae, akainyakua simu akasema, "Bibi, usimsikilize mwanao, picha hizo zinatengenezwa na kompyuta, hata mimi nikitaka nakutengenezea mbuzi mwenye mabawa," Bibi akacheka mpaka akakohoa, na kuanzia siku ile kijijini Kanyigo picha hazikuwa na maana tena. Bibi alifariki Alhamisi, tarehe 3 Juni 2021, mipaka ya nchi hii ikiwa imefungwa, mwanawe akayatazama mazishi kwenye simu akiwa katika chumba cha kubadilishia nguo kazini, na Bibi akaingia kaburini akijua kwamba mtoto wake wa tatu alikwenda ng'ambo akawa muongo.

Hakuwahi kulisema hilo. Alichofanya ni kwenda mtoni, kila Jumamosi alfajiri, kusini mwa Campbelltown, mahali ambapo wataalamu walipima maji wakasema dalili za platipasi zimo, akakaa juu ya jiwe na simu mkononi, akitaka video moja tu yenye mnyama na sura yake yeye Ludovick pamoja, ili asiwepo mtu wa kusema kompyuta. Alikwenda miaka minne, katika mvua na katika joto, na Jumamosi jioni mpwa wake alikuwa akimuuliza, "Vipi, Profesa, bata wako leo kataga?" naye akawa anajibu, "Bado, mpwa wangu, ila maji yalikuwa mazuri." Hakumwona hata mara moja. Liandikwe hivyo, hata mara moja.

Kuhusu ugonjwa, mwezi Septemba 2022 aligundulika kuwa na shinikizo la damu, akaanza dawa, akaambiwa apunguze kazi, akapunguza usingizi. Wiki ya mwisho alilalamika kidogo kwamba ngazi za kituo cha treni zimeongezeka, watu wakacheka, kwa sababu kila alichosema kilikuwa na sura ya kuchekesha.

Jumatano, tarehe 20 Agosti 2025, Brigitha akiwa hospitalini kwenye zamu yake, Mwalimu alitoka kama kawaida, na saa kumi na mbili na dakika kumi na mbili asubuhi akamtumia Godfrey ujumbe wa sauti wa dakika mbili na sekunde kumi na nane. Ulianza, "Mpwa wangu, habari za asubuhi, mimi salama kabisa, sijui wewe," ukaendelea kumweleza juu ya antekinasi, kinyama mdogo kama panya ambaye madume wake, ufikapo msimu wao mwishoni mwa kipupwe, hukimbiza majike wiki mbili tatu bila kula wala kulala, manyoya yakawatoka, vidonda vikawaota tumboni, kisha wakafa wote, wote kabisa, asibaki dume hata mmoja wa kuuona mwaka wa pili, akasema, "Kwa hiyo wewe kijana, punguza mwendo." Godfrey alikuwa akivaa viatu vya kazi. Alisikiliza kama sekunde hamsini, akacheka, akaurusha kwenye kundi la Ndugu wa Sydney, akaandika, "Leo Profesa Mchemraba ametuletea panya wanaokufa kwa mapenzi," akapanda gari kwenda kubandika vigae Parramatta, akiwa na furaha ya mtu aliyewachekesha watu kabla ya chai.

Watu ishirini na watatu waliweka emoji za kucheka. Godfrey anazo, amezihesabu, na majina hatayasoma, maana jina la kwanza ni la kwake. Sisi ni watu wa salama kwanza, mtu wa kwetu hata nyumba ikiwa inaungua ataanza na salama ndipo aseme ila, na Mwalimu alikuwa mtu wa kwetu kuliko wote, ila yake aliiweka mwisho kabisa, baada ya panya, katika dakika ya pili, na katika simu zote hizi zilizomo kanisani hapakuwa na mmoja aliyefika huko.

Saa kumi na mbili na dakika hamsini na moja, dereva wa lori alimkuta amelala kando ya barabara, pembeni ya walabi, yaani kangaruu wa umbo dogo, aliyegongwa, kopo la rangi mkononi, na juu ya mzoga mstari mmoja wa chungwa, wa pili wa kukamilisha msalaba hakuwahi kuupiga. Watu wa gari la wagonjwa walipofungua koti ili wamkandamize kifua, kitu kikarusha teke humo ndani, wakaruka nyuma, kisha wakamtoa mtoto wa walabi, ameota manyoya mafupi, amefungwa katika sweta, ana joto. Mwalimu alikuwa amempa joto lake lote. Alithibitishwa kufariki dunia hospitalini Campbelltown saa mbili na dakika tano asubuhi, kwa moyo, akiwa na umri wa miaka hamsini na mmoja.

Katika korido ya hospitali, Kokushubila aliomba simu ya Godfrey kwa sababu alitaka kusikia sauti ya baba yake, akaiweka sikioni, akasikiliza panya wote, akaendelea kusikiliza, kisha akairudisha nyuma kidogo akaiweka kwa sauti ya juu ili na binamu yake asikie, "Ila mpwa wangu, kifua hiki tangu jana kinanibana, nimepata mtoto hapa, yu hai, nimemweka ndani ya koti, sasa nikijaribu kuinuka naona giza, ukiweza pitia unichukue, siyo haraka." Na mtoto huyu, ambaye kwa miaka kumi hajamjibu mtu neno la Kiswahili, akamtazama Godfrey usoni akasema, "Alisema uje."



Mtoto wa walabi alipelekwa kwa mlezi, akapewa maziwa na chupa ya maji ya moto, akafa Ijumaa, tarehe 22 Agosti, saa nne asubuhi. Ameandikwa hapa kwa sababu Mwalimu angetaka tarehe yake iwepo. Bisimwa alirudi barabarani na lile kopo, akapiga mstari wa pili.

Jumamosi, tarehe 23, Godfrey alikwenda mtoni, akakaa juu ya jiwe la mjomba wake, ambalo limelainika kwa kukaliwa, na saa moja kasoro dakika kumi asubuhi maji yakapasuka, mnyama akatokea, mdomo ule, manyoya yale, mkia ule, akaelea akitafuna alichokuja nacho mashavuni, karibu kuliko lilivyo karibu benchi la kwanza, akazama, akatokea tena, akazama moja kwa moja. Godfrey alitoa simu, na kidole chake, kabla ya kugusa kamera, kikaenda kutafuta jina la Mjomba ili amwambie, na alipokumbuka, maji yalikuwa yametulia. Hakuna picha. Hakuna shahidi. Na anaziona sura zenu kutoka hapa juu, mnamjua Godfrey, mnajua anavyotia chumvi, na wengine mmeshaanza kutazamana, basi sawa, hivyo ndivyo Mwalimu alivyotazamwa miaka yote hii, na yeye alikuwa na picha.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Campbelltown, wakiwemo wenzake Brigitha waliomshika alipopigiwa simu, dereva wa lori ambaye hakupita tu, wafanyakazi na wazee wa nyumba aliyohudumu, hasa yule bibi aliyemshika mkono akamwita muongo, aliyetuma maua na kadi ya kuomba radhi kuhusu senene, waokoaji wa wanyamapori waliosimama pale nyuma na makoti yao, jirani yetu Bisimwa, Baba Padri na jumuiya zote zilizopika na kukesha. Ninyi ishirini na watatu familia haiwalaumu, ila inaomba leo usiku kila mmoja aufungue ujumbe ule, apite kwenye salama, apite kwenye panya, afike mwisho.

Mjomba, Godfrey amekuja, leo tarehe 30, amechelewa siku kumi. Pumzika kwa amani. Yumo mtoni, ni kweli, ana mdomo kama wa bata.